Kikao cha Kuamkia Mei Mosi

Kila mwaka ikifika katikati ya Aprili, maofisi ya Ilala huanza kuulizana vipimo vya fulana. Nani anavaa saizi gani, kofia zitatosha au hazitatosha, gari la maonyesho litapambwa na idara ipi, bango liandikwe kaulimbiu gani. Hayo ndiyo maandalizi ya Mei Mosi yanayoonekana, na wapiga picha huyakuta barabarani. Mimi nataka kuandika habari za kikao ambacho hakijapata kupigwa picha: kile cha ndani, cha siku moja au mbili kabla ya sikukuu, ambapo wafanyakazi wa mahali pamoja walikaa, wakautazama mwaka uliopita, wakasema kilichowaumiza na kilichowapa fahari, kisha wakamchagua mwenzao akapokee zawadi kwa niaba yao. Nimekiandikia mihtasari kwa miaka mingi, kwanza nikiwa mpiga chapa na baadaye katibu muhtasi, katika kiwanda cha umma kilichokuwa Barabara ya Pugu, hii tunayoiita leo Barabara ya Nyerere. Kiwanda chenyewe hakipo tena.

Vijana wengi wanadhani vikao vya aina hii vililetwa na wataalamu wa rasilimali watu pamoja na kompyuta. Si kweli. Vina historia ndefu katika jiji hili, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita Kariakoo, Gerezani na Mnazi Mmoja.

Habari inaanzia bandarini. Kabla ya uhuru, kazi nyingi za bandari ya Dar es Salaam zilifanywa na vibarua wa kutwa. Mtu alikwenda asubuhi, akichaguliwa anapakua meli, asipochaguliwa anarudi nyumbani mikono mitupu. Wengi walipanga vyumba Kariakoo, Gerezani na Ilala. Hapakuwa na mahali pa kumwambia mwenye kazi kwamba kamba imechakaa au kwamba posho haitoshi, na kwa sababu hapakuwa na mahali pa kusema, waliacha kazi. Waligoma mwaka 1939, wakagoma tena 1943 katikati ya vita, na Septemba 1947 wakagoma mgomo uliotikisa nchi nzima: ulianza kwa makuli wa bandari, ukaingia mjini, ukapanda na reli ya kati kwenda bara. Safari hiyo mishahara iliongezwa, na chama cha makuli kikaundwa. Hakikudumu. Baada ya mgomo na ghasia za Februari 1950, serikali ya kikoloni ilikivunja.

Nje ya bandari watu walikuwa na vyama vyao vya mtaani. Makarani wa serikali walikuwa wametangulia kujipanga tangu 1922, pale Martin Kayamba alipoanzisha chama chao Tanga. Watu wa kawaida walikuwa na ngoma. Beni, pamoja na makundi yake ya Marini na Arinoti, ilikuwa na vyeo, michango na utaratibu wa kuzikana, na sikukuu ndizo zilikuwa siku zake za kutamba. Wasomi wameandika mengi kuhusu mavazi na vyeo vya beni. Kwangu jambo kubwa ni kwamba mtu aliyekuwa akiitwa boi mchana kutwa alikuwa na mahali ambapo anasimama, anatajwa kwa cheo, na neno lake linahesabiwa. Watu waliozoea kuendesha vikao vyao wenyewe hawakuhitaji kufundishwa kikao cha kazini ni kitu gani.

Mwaka 1955, baada ya Tom Mboya kuja kutoka Kenya kuzungumza na viongozi wa vyama, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika, TFL, likaundwa, na Rashidi Kawawa akawa katibu mkuu wake wa kwanza. TANU ilikuwa imezaliwa mwaka mmoja tu kabla, 7 Julai 1954, katika ofisi ya New Street, mtaa ambao sasa ni Lumumba. Kutoka hapo hadi viwanja vya Mnazi Mmoja na ukumbi wa Anatoglo ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Wakoloni waliuacha uwanja ule wazi ili uwatenge Waafrika wa Kariakoo na mji wa Wahindi na Wazungu. Watu wakaugeuza kuwa mahali pao pa kukutania, na mpaka leo mtu wa Ilala mwenye jambo la kuuambia umma anafikiria Mnazi Mmoja kwanza.

Sikukuu ya Mei Mosi yenyewe ilitoka mbali. Mei 1886 wafanyakazi wa Chicago waligoma wakidai siku ya kazi iwe saa 8, damu ikamwagika, na mwaka 1889 mkutano wa wajamaa uliofanyika Paris ukaiteua tarehe 1 Mei iwe siku ya wafanyakazi duniani. Kwetu ilishika kwa sababu ilikuta watu ambao tayari walikuwa na mambo ya kusema.

Kisha ukaja Januari 1964. Wanajeshi wa Tanganyika Rifles waliasi, viongozi kadhaa wa vyama vya wafanyakazi wakawekwa kizuizini, TFL ikavunjwa, na Februari ikaundwa NUTA, chama kimoja tu kwa nchi nzima. Katibu mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Naheshimu mengi ya zama zile, lakini hili nalisema bila kuzunguka: mtu mmoja hawezi kumsemea mfanyakazi na kumsemea mwajiri kwa wakati mmoja. Mgomo ulikuwa umeshafungwa kwa sheria, na mlango uliobaki wazi ulikuwa kikao. Waliokisimamia walijua kuwa ndicho pekee walichobakiwa nacho, na ndiyo maana kilipata uzito ambao vikao vya leo havina.

Serikali nayo ilikipa umbo. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 uliagiza mashirika ya umma yaunde mabaraza ya wafanyakazi. Mwaka uliofuata TANU ikatoa Mwongozo, na ibara ya 15 ikakataza kiongozi kuwa na majivuno, anasa, dharau na uonevu. Wazee niliowakuta kiwandani walikuwa wakitembea na kitabu kile mfukoni mwa kombati, na ibara ya 15 waliijua kwa moyo. Miaka ya 1971 hadi 1973 viwanda vya Dar es Salaam viliwaka moto kwa ajili ya ibara hiyo. Wafanyakazi waliwafungia mameneja nje, wakadai waondolewe kwa sababu ya matusi. Katika kiwanda kimoja cha mpira, mwaka 1973, walimtoa mwenye mali wakaendelea na uzalishaji wenyewe. Naomba msomaji aliangalie hili vizuri: mingi ya migomo ile haikuhusu mshahara. Ilihusu kutukanwa.

Nilipoajiriwa moto ule ulikuwa umepoa, na kikao cha kuamkia Mei Mosi kilikuwa kimetulia katika desturi yake. Tulikifanyia kantini. Meza za kulia zilisogezwa ukutani, mabenchi yakapangwa nusu duara, na mitambo ikazimwa saa 8 mchana. Mwenyekiti wa tawi ndiye aliyeongoza. Meneja mkuu alikaa benchi la pembeni pamoja na wakuu wa idara, na hakuruhusiwa kujibu hoja mpaka aitwe. Mimi nilikaa karibu na dirisha la jiko na daftari langu, kwa sababu hapo ndipo palikuwa na mwanga.

Ajenda ilikuwa ile ile kila mwaka. Kufungua kikao. Kusoma muhtasari wa mwaka uliopita. Yatokanayo. Taarifa ya uzalishaji. Uteuzi wa mfanyakazi hodari. Mengineyo. Mgeni angedhani moyo wa kikao ni taarifa ya uzalishaji, maana ndiyo iliyokuwa ndefu. Wenyewe tulijua ni yatokanayo. Hapo kila neno lililosemwa mwaka uliopita lilisomwa kwa sauti mbele ya yule aliyeahidi kulitekeleza, na akatakiwa aseme: limefanyika, halijafanyika, au linafanyika na limefikia wapi. Glovu za idara ya kukata. Basi la zamu ya usiku kufika mpaka Buguruni na Vingunguti. Maji ya kunywa karibu na mitambo. Akina mama wanaonyonyesha waachiwe kutoka saa moja mapema. Nilichapa mihtasari ile kwenye karatasi za stensili, ikazungushwa mashineni, na nakala moja ikabandikwa ubao wa matangazo mwaka mzima. Jina la aliyeahidi nililipigia mstari chini kwa mashine, kwa amri ya mwenyekiti.

Mwaka mmoja, mapema miaka ya themanini, alisimama mfagiaji wetu, mzee wa Kisarawe, mtu mpole ambaye sikuwahi kumsikia akizungumza kikaoni. Alivua kofia.

"Ndugu Mwenyekiti, mimi sina malalamiko. Nina swali. Mfanyakazi hodari anachaguliwa kwa kila idara. Je, ufagio uko idara gani?"

Kimya kikashika. Mkuu wa utawala akaitwa, akaeleza kwamba wafagiaji na walinzi hawakuwa kwenye orodha kwa kuwa kazi yao haiingii kwenye hesabu ya uzalishaji. Mwenyekiti akamgeukia yule mzee kumuuliza kama ameridhika. Mzee akajibu kwa adabu kwamba ameelewa maelezo, ila jibu la swali lake bado hajalipata. Niliandika maneno hayo hayo. Kwa mwaka mzima yalikaa ubaoni, kila mtu akiyasoma anapokwenda kunywa chai, meneja akiwemo. Mwaka uliofuata, kwenye yatokanayo, tukasomewa kwamba imeundwa idara ya huduma, na kwamba wafagiaji, walinzi, wapishi na madereva watapiga kura yao. Mshindi wa kwanza wa idara ile alikuwa mpishi. Mzee wa Kisarawe alimpigia makofi kuliko wote.

Zawadi za miaka ile zilikuwa za miaka ile. Vitu vilikuwa adimu madukani, na mwaka 1983 kukawa na msako wa wahujumu uchumi. Mfanyakazi hodari alipewa cheti, na pamoja na cheti blanketi, au doti ya khanga, au mche wa sabuni, na mwaka wa neema redio. Nimewaona watu wazima wakilia kwa mche wa sabuni, na haikuwa kwa ajili ya sabuni. Walilia kwa kuwa jina lilitoka kwa wenzao, kwa vikaratasi vilivyohesabiwa hadharani juu ya meza ya kantini. Siku hizi katika sehemu nyingi jina hutoka ofisini, na wenzake hulisikia uwanjani siku ya sherehe.

Jioni ya Mei Mosi tulicheza muziki, na bendi yetu ilikuwa ya chama. NUTA Jazz ilianzishwa miaka ya sitini chini ya chama kile, akiwemo Muhidin Maalim Gurumo. Chama kilipogeuzwa kuwa JUWATA mwaka 1978 bendi ikawa JUWATA Jazz, ilipokuja OTTU mwaka 1991 ikawa OTTU Jazz, na baadaye ikabaki na jina ambalo mashabiki walikuwa wakiliita siku zote, Msondo Ngoma. Kwetu sisi wa Ilala mahali pake palikuwa Amana. Mtu aliyeumbuliwa kwenye yatokanayo mchana ungemkuta Amana usiku ameshikana mkono na aliyemuumbua.

Palikuwa na kikao kingine ambacho hakikuandikwa kabisa, na nisipokitaja nitakuwa nimeidhulumu Ilala. Siku za mwisho za Shaabani, kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, tulivunja jungu. Kila mtu alichanga, wapishi wa kantini wakapika pilau, tukala pamoja Waislamu na Wakristo. Kisha ikaja saa ya kuombana radhi. Watu walizunguka mmoja mmoja: mwenzangu, tumekaa mwaka mzima, kama nimekukosea kwa kujua au kwa kutojua, nisamehe. Na aliyeambiwa alijibu, nimekusamehe, nawe nisamehe. Nimemwona msimamizi wa zamu akimwomba radhi kijana aliyemkata siku tatu za mshahara. Makunduchi kule Unguja wana Mwaka Kogwa, ambapo watu hupigana kwa migomba ili chuki za mwaka ziishe hapo hapo uwanjani. Sisi tulitumia pilau, na nia ilikuwa moja. Kikao cha Mei Mosi kilishughulikia kiwanda, kuvunja jungu kulishughulikia nyoyo, na kimoja bila kingine kilipwaya. Siku hizi kuvunja jungu kumekuwa jina la kwenda ufukweni kunywa pombe mpaka usiku wa manane. Inaniuma, kwa sababu aliyepoteza desturi ile hakupewa nyingine badala yake.

Miaka ya tisini ilikuja na tume ya kurekebisha mashirika ya umma. Viwanda vya Barabara ya Pugu vikauzwa kimoja baada ya kingine, wengine tukapunguzwa, wengine wakasubiri mafao. Niliwakuta wenzangu wa zamani wakiuza nguo Mtaa wa Kongo, na mmoja, fundi mitambo stadi, akisukuma mkokoteni Mtaa wa Sikukuu. Chama cha wafanyakazi kikawa huru, vyama vya sekta vikazaliwa, na mwaka 2001 likaja shirikisho la TUCTA. Huo ulikuwa ushindi wa kweli. Lakini wamiliki wapya wengi hawakuwa na habari ya baraza. Sheria ya mwaka 2003 iliyahifadhi mabaraza katika utumishi wa umma, na huko yapo mpaka leo, mara nyingi yakikaa hotelini kupitisha bajeti, kwa wajumbe wa kuwakilisha. Mfagiaji hafiki huko.

Mwaka 2010 tuliona matokeo. TUCTA ilitangaza mgomo wa tarehe 5 Mei ikidai kima cha chini cha shilingi 315,000. Mei Mosi ile ikapita Rais hayupo jukwaani, na tarehe 3 Rais Kikwete akazungumza na wazee wa Dar es Salaam katika ukumbi wa Diamond Jubilee, hapa hapa Upanga, akasema serikali haina uwezo wa kulipa kiasi hicho. Mgomo ukasitishwa. Watu walibishana nani alikuwa na haki. Mimi nilibaki nikiwaza kwamba nchi nzima ilikuwa inafanya kwa hasira, kwa vipaza sauti, kazi ambayo zamani ilifanywa na vikao vidogo elfu moja kwenye kantini. Ngazi za chini zikikatika, mambo yote hupanda juu yakiwa mabichi. Mei Mosi ya 2025, Singida, Rais Samia alitangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Nilifurahi sana. Nikawafikiria pia ambao tangazo lile haliwahusu.

Hao wako Kariakoo. Soko alilolichora Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 2021, limezungukwa na maelfu ya watu ambao kazi yao haina kikao cha aina yoyote: wabeba mizigo, wasukuma guta, mabinti wa dukani, vijana wa stoo. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakilalamikia kodi, na Waziri Mkuu Majaliwa akaenda kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Walisema yao waziwazi, na ilikuwa haki yao. Kuli anayebebea maduka hayo hayo mzigo hajaitiwa mkutano wake. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 25, wengi wao waliokuwa wametoka asubuhi kwenda kutafuta riziki. Sisemi kwamba kikao kingelizuia. Nasema mtu anayeshinda ndani ya jengo kutwa nzima anastahili siku moja katika mwaka ya kuulizwa ameona nini humo.

Kwa hiyo nina ombi kwa matajiri wa Kariakoo, na kwa wakuu wa ofisi zote za Ilala. Jioni ya tarehe 30 Aprili, fungeni fremu saa moja mapema. Waiteni wote, pamoja na kuli anayewabebea na mama anayewapikia. Tajiri akae pembeni, asijibu mpaka aulizwe. Ahadi iandikwe pamoja na jina la aliyeitoa, ibandikwe ukutani mahali ambapo kila mtu anapita. Na mwaka unaofuata, kabla ya neno lingine lolote, muanze na yatokanayo.